Kisu cha kukunja chenye kifungio, mafundi wa Tanga wanaweza kukitengeneza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji ili nizungumzie chombo kidogo ambacho watu wengi hapa Tanga hutembea nacho kila siku bila kukitafakari, yaani kisu cha kukunja. Mkulima wa machungwa wa Muheza anacho, mvuvi wa Sahare anacho, fundi wa umeme anayemenya nyaya anacho, na wengi wao hukinunua kama wanavyonunua kiberiti, kwa kuangalia bei peke yake. Nimefanya kazi ya ubwana shamba kwa miaka 31 kabla ya kustaafu, na katika miaka hiyo yote kisu cha mfukoni nilikitumia kuliko kalamu. Ninachotaka kusema ni kwamba kisu cha kukunja kisicho na kifungio cha kuaminika hakifai kwa kazi, na kwamba kile chenye kifungio cha namna hiyo mafundi wetu wenyewe wanaweza kukitengeneza kwa mti na chuma vinavyopatikana mkoani humu.

Kisu cha kwanza nilichokijua kilikuwa cha marehemu baba yangu, aliyekuwa mkata mkonge. Kilikuwa Okapi, kisu ambacho wazee wengi wa pwani wanakikumbuka: mpini mrefu wa mti uliopinda kidogo, uliopambwa kwa nyota na miezi ya bati, na pete ya chuma mgongoni. Visu hivyo vilianza kutengenezwa Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 20 kwa ajili ya kuuzwa katika makoloni yake ya Afrika, na Tanga ilikuwa chini ya Wajerumani hadi mwaka 1916, kwa hiyo si ajabu kwamba jina hilo lilizoeleka mapema katika maduka ya mwambao. Siku hizi vinatengenezwa Afrika Kusini. Ukikifungua kinalia kra-kra-kra kadiri ubapa unavyopanda jino kwa jino, kisha kinakaza, na hakijikunji mpaka uivute ile pete. Baba alikuwa amepitisha uzi wa katani katika pete hiyo na kuufunga kwenye mkanda wake. Alipostaafu alinikabidhi, akitanguliza mpini kwangu na kubakiza ubapa upande wake, kama inavyompasa kila mtu anayempa mwenzake kisu.

Mwaka 2009 kisu hicho kilinidondoka majini nilipokuwa nikishuka kwenye ngalawa, na sikukipata tena. Wiki hiyo hiyo nilinunua kingine kwa muuzaji mmoja hapa mjini, ambaye sitamtaja, aliyenihakikishia kwamba kilikuwa chuma cha Ujerumani chenye springi ngumu. Kilikuwa kinang'aa kama kioo. Siku ya tatu nilikitumia kufungua fundo la kamba ya katani lililokazwa na mvua, nikiwa nalichokonoa kwa ncha, na springi ikaachia. Ubapa ukarudi kwenye mpini huku kidole changu cha shahada kikiwa katikati. Nilishonwa nyuzi tano, na mpaka leo kidole hicho hakikunjiki chote. Nilipokirudisha nilijibiwa kwamba kisu kimekata, na kazi ya kisu ni kukata. Waswahili husema mwenzio akishika mpini nawe ukashika makali, umeumia. Siku ile niliuelewa msemo huo kwa nyama na damu.

Tangu hapo nilianza kuvichunguza visu kabla ya kutoa fedha, na naomba wasomaji wafanye hivyo hivyo hata kama mwenye duka atanuna. Kikunjue kisu, ushike mpini kwa namna ambayo vidole haviko katika njia ya ubapa, kisha uukandamize mgongo wa ubapa kwenye ukingo wa meza. Kikijikunja, kiache pale pale. Uushike ubapa kwa pande zake mbili uutikise kushoto na kulia, kwa maana pini iliyolegea dukani itazidi kulegea shambani. Kama muuzaji anakuruhusu, pitisha tupa ndogo karibu na shina la ubapa: chuma kilichokomazwa vizuri kitaiacha tupa iteleze, na chuma laini kitang'atwa na kutoa unga. Kung'aa hakuna maana yoyote, kwa sababu bati nalo linang'aa.

Binti yangu alipoona nimeumia aliniletea kisu cha Uswisi cha Victorinox, vile vyekundu vyenye vifaa vingi, ambavyo asili yake ni kisu cha maofisa cha mwaka 1897. Ninakiheshimu sana. Kina mkasi, kifungua kopo, bisibisi na kibanio kidogo cha kutolea miiba, na huwa nacho kila niendako isipokuwa ndani ya ndege, ambako lazima kisu kiende na mizigo ya chini. Hata hivyo, ubapa wa kile nilichopewa unashikiliwa na springi tu, haufungwi, na kwa mtu ambaye keshakatwa na springi, kazi ya kusukuma kwa ncha haiwezi kufanyika kwa moyo uliotulia.

Kisu nilichokipenda hatimaye kilifika kwa njia ya mpwa wangu aliyekuwa Ufaransa. Ni Opinel namba 8, chenye ubapa wa sentimita 8.5, na ukikitazama mara ya kwanza unaweza kudhani ni kitu cha kuchezea: kipande cha mti kilichochongwa duara, ubapa mwembamba, pini moja na pete. Joseph Opinel alianza kukitengeneza mwaka 1890 huko Savoie, katika milima ya Ufaransa, na waliokinunua mwanzoni walikuwa wakulima na wafugaji wa jirani zake. Pete ya kufungia iliongezwa mwaka 1955. Ni kipande cha chuma kilichoviringishwa na kuachwa uwazi upande mmoja. Ukikikunjua kisu na kuizungusha pete kwa kidole gumba, ule uwazi unahama na chuma kinazuia shina la ubapa lisirudi nyuma. Hakuna springi ya kuchoka, wala meno ya kulika. Zile zilizotengenezwa tangu mwaka 2000 hukifunga kisu hata kikiwa kimekunjwa, kwa hiyo hakifunguki chenyewe mfukoni. Nimekiuliza kisu hiki kila swali nililokuwa nalo tangu siku ya nyuzi tano, na kimenijibu.

Kina kasoro moja, nayo ni kubwa kwa mtu wa pwani. Mpini wake ni wa mti wa Ulaya ambao hunywa unyevu na kuvimba. Masika ya kwanza yalipoanza, ubapa uliganda katika mpini kana kwamba umepigiliwa misumari, na ilinibidi nifanye kama wafanyavyo wenyewe wa Savoie, ambao hugonga kitako cha mpini juu ya kitu kigumu ili ubapa uchomoze kidogo na kushikika. Niliukausha, nikapiga msasa ndani ya mfereji, nikaupaka mafuta mara kadhaa, na bado kila mvua ya siku tatu ilirudisha tatizo lile lile.

Hapo ndipo nilipomwendea fundi seremala mmoja wa Makorora nikiwa na kipande cha mtiki wa Longuza, yaani kutoka katika shamba la miti la Serikali lililoko wilayani Muheza. Alikigeuzageuza kisu, akaizungusha pete mara nyingi bila kusema neno, kisha akaniambia, “Mzee wangu, hiki hakina siri. Niachie mpaka Ijumaa.” Aliitoa pini kwa uangalifu, akachonga mpini mpya kwa kufuata ule wa zamani, akapasua mfereji kwa msumeno mwembamba, akarudisha pete na kugonga pini upya. Mtiki una mafuta yake ya asili na hauvimbi ovyo kama miti mingine, ndiyo maana tangu zamani ulitumika kwenye majahazi. Masika manne yamepita tangu siku hiyo, na kisu kinafunguka mwezi wa Mei kama kinavyofunguka Januari.

Nieleze kidogo kwa nini jambo hili linanigusa kiasi cha kuandika. Kazi yangu kubwa Muheza ilikuwa kufundisha kubebesha michungwa. Unachukua mche wa limau wenye shina la unene wa penseli, unakata gome kwa umbo la herufi T, unaliinua taratibu bila kukwaruza mti wa ndani, kisha unachomeka humo jicho la chungwa ulilolibandua kwenye kikonyo na kulifunga kwa ukanda wa nailoni kwa muda wa wiki tatu hivi. Jicho linabanduliwa kwa mkato mmoja tu, likiwa na ngozi nyembamba nyuma yake. Kisu butu kinaponda ile ngozi badala ya kuikata, na jicho lililopondwa hunyauka; mkulima akifungua nailoni anakuta limekuwa jeusi, naye hulaumu mbegu, hulaumu jua, hulaumu bwana shamba, hamkumbuki muuza kisu. Nimeona vitalu vilivyopotea nusu kwa sababu ya ubapa wa chuma laini ambao makali yake yalikwisha kabla ya mche wa ishirini. Katika kazi hiyo hiyo kisu kinatakiwa kufutwa kwa spiriti kila unapohama mti, kwa sababu ugonjwa wa michungwa husafiri kwa ubapa kama unavyosafiri kwa upepo.

Chuma nacho kinataka busara yake hapa kwetu. Kisu changu ni cha stenlesi, nami nimeridhika nacho, maana hewa ya Tanga ina chumvi na maji ya machungwa yana asidi, na ubapa wa chuma cha kawaida huwa na madoa meusi jioni ya siku ile ile. Lakini chuma cha kawaida hunoleka upesi zaidi kwenye kinoo, na mtu ambaye yuko tayari kukifuta kisu chake, kukikausha na kukipaka mafuta kidogo kila jioni hatajutia. Kwenye bawaba mimi hutia tone moja la mafuta ya cherehani. Mafuta ya kupikia hayafai mahali hapo kwa sababu yakikaa huganda na kushika mchanga. Wavuvi wakioshe kisu kwa maji baridi ya bomba kabla ya kufika nyumbani, na si baada ya kulala.

Sasa ombi langu, Ndugu Mhariri, ni kwa wahunzi wa mkoa huu, kwa walimu wa vyuo vya ufundi vya VETA na kwa maofisa wa SIDO, shirika lililoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo kama hivi. Wahunzi wetu tayari wanatengeneza mapanga na visu vya jikoni kwa springi za magari, ambazo ni chuma kizuri. Kinachokosekana mara nyingi ni kukikomaza kwa utaratibu: kukipasha moto mpaka sumaku iache kukishika, kukichovya kwenye mafuta badala ya maji ili kisipasuke, kisha kukipasha tena kidogo mpaka kipate rangi ya majani makavu ili kisiwe kikavu cha kumeguka. Pete inaweza kutoka kwenye kipande cha bomba jembamba. Mtiki tunao. Maseremala wa kuchonga mipini tunao, nami nimemwona mmoja akifanya kazi hiyo kwa zana za kawaida katika siku chache. Kisu kimoja cha majaribio kingetosha kutuonyesha palipo na ugumu, nami nadhani ugumu utakuwa kwenye kuilinganisha pete na shina la ubapa, kwa kuwa hapo pakilegea hata unene wa ukucha kifungio kinakuwa pambo.

Nafahamu kwamba wapo watakaosema kisu ni silaha na kwamba vijana wasihimizwe kuvitembeza. Ninaliheshimu jambo hilo, na mimi mwenyewe siendi na kisu mahakamani, mpirani wala kwenye mikusanyiko. Hukaa katika mkoba wa zana pamoja na kinoo na nailoni. Lakini kijana anayebebesha miche, anayeshona nyavu au anayevuta nyaya atakuwa na kisu kwa vyovyote vile. Tofauti itakuwa kwamba ama kitamkata yeye, ama kitakata alichokusudia.

Fundi yeyote atakayependa kukipima kisu changu kwa rula, kukifungua pini na kuichora pete yake, nitampelekea mwenyewe karakanani kwake na kumwachia kwa wiki nzima. Anwani yangu ipo mezani kwako, Ndugu Mhariri, na ninakuruhusu umpe. Kipande cha mtiki kilichobaki bado ninacho. Kinatosha mipini mitatu.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Bwana shamba mstaafu,
Chumbageni, Tanga