Risala ya Wanawake wa Sokoni Busia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Upimaji wa Afya

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mganga Mkuu wa Wilaya. Wauguzi na wahudumu wa afya wa vijiji. Kina mama wenzetu: asalaam aleikum, Bwana asifiwe.

Karibu sana sokoni. Sisi ni kikundi cha kuweka na kukopa, wauza samaki, vitenge na nyanya. Kila tunapofungua sanduku letu la kufuli tatu, katibu huandika pia nani amepima presha, sukari na mlango wa kizazi.

Katika daftari hilo kuna kurasa zinazotuuma. Machi 2020 korona ilipoingia Uganda, magari ya abiria yalisimamishwa, boda boda zikakatazwa kubeba watu, na saa moja jioni kila mtu awe ndani. Hata mjamzito alihitaji kibali cha RDC, mwakilishi wa Rais wilayani, ili apande gari. Nani angeomba kibali akapime hali haumwi? Majina yetu yapo kwenye kurasa hizo, ila mbele yake ni patupu.

Tena sisi ni watu wa mpakani. Tuliona malori yamepanga foleni, madereva wakingoja majibu ya kipimo cha korona siku nyingi. Hapo neno "kupima" likageuka: kupimwa ni kuchukuliwa, kutengwa na watoto. Barabara zilifunguliwa, Mheshimiwa, lakini hofu hiyo wengine wanayo hadi leo.

Mwenzetu mmoja alifika kituoni 2020, akaambiwa arudi korona ikiisha. Alirudi 2022 akitokwa damu, akapelekwa hospitali kuu ya Mulago, Kampala, nasi tukachanga nauli. Saratani ya mlango wa kizazi huchukua miaka mingi kukomaa, na dalili zake za awali muuguzi huziona kwa pamba na siki tu. Mama yule alikuwa amejileta mwenyewe.

Ebola ya Mubende, mwaka huohuo wa 2022, ilituonyesha kuwa mlipuko mwingine hauko mbali. Kwa hiyo tunaomba mawili. Upimaji uletwe hapa siku za gulio, maana kufunga kibanda ni kulaza watoto njaa. Na ukitokea mlipuko, huduma hii isifungwe: wahudumu wa vijiji wapewe mashine za presha, na vijiti vya kujichukulia sampuli ya HPV, virusi vinavyoleta saratani hiyo ya mlango wa kizazi, viletwe majumbani.

Mashine iko mezani, Mheshimiwa, na kina mama wanakutazama. Tunakuomba ukunje mkono wa shati, upimwe wa kwanza.

Ni sisi wanakikundi, wanawake wa sokoni Busia.