Mdogo wangu, mama anasubiri sauti yako

Mdogo wangu,

Ijumaa usiku ulijitoa kwenye grupu la ukoo bila kuaga. Sikukupigia, maana tungegombana. Nakuandikia hapa kwa sababu najua huwa unapita.

Sababu zako nazijua. Michango imezidi. Zamani mwenye harusi alikuletea kadi nyumbani, ukapata nafasi ya kumweleza hali yako kwa mdomo, yakaisha. Tangu M-Pesa iingie nchini mwaka 2008, hela inatumwa mtu akiwa amelala, na asiyetoa jina lake linabandikwa likiwa halina kitu mbele ya wakwe na wajukuu. Hilo linauma. Nimeshamwambia mweka hazina aache kubandika orodha.

Ila ulisema pia kwamba simu zimeua michezo ya watoto. Hapo nakukatalia. Njoo Tandika Jumamosi jioni uone. Wanangu na wenzao wanacheza rede kama tulivyocheza sisi: mmoja yuko kati, anajaza mchanga kwenye chupa huku anakwepa mpira wa soksi. Tofauti ni kwamba siku hizi chupa ikijaa haimwagwi papo hapo. Inasimamishwa, simu yangu inaegemezwa pale, singeli inawekwa, wanacheza mtindo waliotunga wenyewe. Kuna hatua wanaiita "kwepa": kiuno kinakunjwa, mguu mmoja unaruka, ni kukwepa mpira kule kule kwa kwenye rede, sasa kumegeuka ngoma. Nani kawafundisha? Hakuna. Wamejitungia kwenye mchanga wa uani kwetu.

Kinachonisumbua ni kingine. Video wanairudia mara kumi, na yule mdogo kuliko wote akikosea wanamtoa kwenye picha. Kwenye rede ukipigwa mpira unatoka, lakini zamu yako itarudi. Kwenye video zamu hairudi. Siku ile nilimkuta kakaa kwenye kizingiti anachora chini kwa kijiti, wenzake wanacheka mbele ya simu. Nikaweka sharti: simu yangu haitoki ndani mpaka yeye awemo. Wamekubali, na sasa yeye ndiye anayeanza.

Sisi wenyewe hatukuwa tofauti. Unakumbuka tulivyokuwa tukibipu? Bipu moja, nimefika. Mbili, nipigie, sina salio. Tulitunga lugha nzima bila kutumia hata shilingi.

Sasa nikueleze la mama. Kusoma hajui, unajua. Tangu tumnunulie simu ya kupangusa, anabonyeza kale kaalama ka maikrofoni anatuma sauti kutoka Kilwa. Usiku anawatolea wajukuu hadithi. Anatuma neno moja tu: "Paukwa!" Halafu ananyamaza. Haendelei mpaka ajibiwe "Pakawa!", tena si na mmoja. Anazihesabu sauti: wa Tandika, wa Mbagala, wa Mbezi kwako. Siku moja bando liliniishia, hadithi ya Sungura ikalala njiani hadi asubuhi nilipopata vocha. Kutoka kwangu hadi kwako ni daladala mbili na foleni, watoto wetu wanaonana kwenye misiba na sikukuu. Kwenye hadithi ya mama walikuwa wanakutana karibu kila usiku. Wa kwako wa pili ndiye aliyekuwa na "Pakawa" ndefu kuliko zote, mama akiisikia anacheka kwanza ndipo anaanza.

Ulipojitoa, maandishi yaliwekwa kwenye grupu kwamba umetoka. Sisi tuliyasoma. Mama hakuyasoma.

Michango tumeihamishia kwenye grupu lake peke yake, anayetaka anaingia. Linki ya hili la hadithi nimekutumia jana usiku.

Jana hiyo hiyo mama alituma "Paukwa!" Tandika tukajibu, Mbagala wakajibu. Akakaa kimya kitambo, kisha akatuma sauti nyingine, ya kwangu mimi: "Mwanangu, wa Mbezi wamelala mapema, au kuna anayeumwa?"

Dada yako.