YAH: Malalamiko kuhusu injini ya 1JZ-GTE mliyoniuzia tarehe 20 Januari 2025

Tabata, Dar es Salaam
9 Aprili 2025

Meneja,
Kampuni ya kuuza injini na vipuri kutoka Japani,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nimekuja dukani kwenu mara tatu, nimepiga simu mpaka nimeacha kuzihesabu, na kila mara jibu ni "njoo Ijumaa". Naona bora niandike, ili Ijumaa ijayo tukikutana kuwe na karatasi mezani.

Nina Toyota Altezza RS200, ya gia za mkono. Injini yake ya 3S-GE nimekaa nayo miaka sita na sina ugomvi nayo. Nguvu za farasi 210 kutoka kwenye lita mbili bila tabo, ile pampu ya kuisukumia injini hewa, si haba. Shida ni kwamba farasi hao wanapatikana kwenye mizunguko 7,600 kwa dakika. Kwa foleni ya Mandela, na trafiki wenye tochi kila penye kibao cha 50, mizunguko 7,600 utaisikia mara moja kwa mwezi, tena usiku wa manane. Nilitaka injini inayovuta toka chini. Wapo walioniambia nifunge tabo kwenye hiyo hiyo niliyo nayo. Fundi wangu akagoma, na alikuwa na haki ya kugoma: kompresheni ya 3S-GE hiyo, yaani inavyobana hewa ndani ya silinda, ni 11.5 kwa 1, ukiishindilia na hewa ya tabo utakuja kuokota vipande vya pistoni kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini.

Ndipo tukaiamua 1JZ-GTE ya VVT-i. Lita 2.5, silinda sita za mstari mmoja, tabo moja, farasi 280, na toku, yaani nguvu ya kuvuta, ya kilo 38.5 ambayo unaipata kwenye mizunguko 2,400 tu. Nafasi chini ya boneti ipo, maana gari hilo hilo Marekani liliuzwa kama Lexus IS 300 likiwa limebeba 2JZ-GE ya lita tatu. Naeleza haya ili msinichukulie kama kijana aliyeona video usiku akaamka asubuhi na kibunda cha hela. Hesabu za kazi hii nimezipiga mwaka mzima.

Tarehe 20 Januari kijana wenu wa mauzo alinipeleka stoo nyuma ya duka akanionyesha injini ikiwa juu ya paleti, imezungushiwa nailoni. Maneno yake nayakumbuka vizuri kwa sababu nilimwomba ayaandike kwenye ankara, naye akayaandika: imetoka kwenye Chaser JZX100 Tourer V ya gia za mkono, ina giaboksi yake ya R154, wayaringi kamili (nyaya zake zote za umeme) na kontroli boksi yake, yaani kompyuta inayoiongoza injini. Akanionyesha na video kwenye simu, injini inawashwa Japani kabla ya kung'olewa, inanguruma vizuri. "Bosi, ndiyo hii hii." Nikalipa shilingi 11,500,000. Risiti niliyopewa ni ya mkono. Nilipouliza ya EFD, ile ya mashine ya kodi, nikaambiwa mtandao unasumbua, nitatumiwa. Mpaka leo sijatumiwa.

Kilichofika gereji siku ile ni injini na giaboksi. Wayaringi ilikuwa imekatwa kwa kisu, imebaki shibiri moja kutoka kwenye injini, kama mkia wa mbuzi. Kontroli boksi haikuwemo kabisa. Nilipopiga simu nikaambiwa inakuja na kontena linalofuata, nisiwe na wasiwasi. Chini ya ankara yenu, kwa maandishi ambayo mtu wa umri wangu anayatafutia miwani, imeandikwa kwamba gharantii ya injini ni siku saba tangu siku ya kuichukua.

Hapa ndipo naomba usome polepole, Ndugu Meneja, kwa sababu hili ndilo lalamiko langu hasa. Injini inayorudishwa kwenye gari la aina yake inaweza kuwashwa baada ya siku mbili. Ya kuhamishiwa gari lingine haiwezi. Mauntini zinatengenezwa upya, propela shafti inakatwa na kubalansiwa, rejeta inabadilishwa, intakula ya kupoza hewa ya tabo inatafutiwa mahali mbele ya rejeta na mabomba yake yanachomelewa, eksozi inaanza upya kuanzia kwenye tabo. Fundi akilala gereji bado siku saba zitampita. Na ninyi mlijua fika naipeleka kwenye Altezza, kijana wenu alifika hatua ya kunipigia picha. Juu ya hayo, kitu pekee ambacho bila hicho injini haiwezi kuwaka, yaani kontroli boksi, mlikaa nacho ninyi. Kilinifikia tarehe 11 Machi. Gharantii yenu ilikuwa imezaliwa, imekua na imezikwa kabla injini haijapigwa hata staata.

Wakati tunaisubiri hiyo boksi tuliitenganisha giaboksi ili tufunge klachi mpya. Badala ya flaiwili tukakuta ile sahani nyembamba ya bati inayofungwa kwenye injini ya gia oto. Fundi akapitisha kidole kwenye tundu la mkiani mwa krenki, shafti kuu ya injini, mahali inapokaa beringi ndogo ya kushikilia shafti ya giaboksi. Tundu tupu, na ndani kuna kutu laini ya rangi ya chai, haijawahi kuingizwa beringi tangu itoke kiwandani. Akanitazama, hakusema neno, akaenda kunawa mikono. Injini hii haijawahi kuishi na giaboksi ya gia za mkono hata siku moja. Imetoka kwenye gari la oto, na R154 imekuja kubandikwa nayo njiani, au hapo hapo stoo kwenu. Boksi ilipokuja ndiyo ikamaliza ubishi: ni ya oto, inatafuta solenoidi (vali za umeme) za giaboksi ambayo haipo, na taa ya injini inawaka muda wote.

Sisemi injini ya oto ni mbovu kwa kuwa ni ya oto. Crown Athlete V wametumia 1JZ-GTE hiyo hiyo, nayo ilikuwa ya oto tu, na mtu akiitaka kwa bei yake ataifunga na atafurahi. Ila bei yake si hii. Nililipia maneno "ya gia za mkono", na maneno hayo yapo kwenye ankara, kwa mwandiko wa mtu wenu.

Jumamosi ya tarehe 15 Machi tuliiwasha. Iliwaka, siwezi kudanganya. Ikiwa silensa, yaani inawaka bila kukanyagwa, ilikuwa inamisi na kutikisa gari zima, ukikanyaga kidogo unatoka moshi wa bluu mpaka jirani akafunga madirisha. Tukapima kompresheni, injini ikiwa imepata moto, plagi zote nje, pedeli imekanyagwa hadi mwisho. Silinda ya kwanza hadi ya tano zilisoma kati ya 146 na 152 psi, kipimo cha mgandamizo. Ya sita, ile ya nyuma kabisa, ilisoma 96. Toyota wanaruhusu silinda zipishane kwa psi 14 hivi, hii imepishana na wenzake kwa 50. Plagi yake ilikuwa imelowa oili. Fundi akamimina kijiko cha oili kwenye hilo tundu tukapima tena, ikapanda mpaka 128. Mtu wenu yeyote wa ufundi atakwambia maana yake: ringi zimekwisha, au ukuta wa silinda umechubuka, au vyote viwili. Tabo nayo ukishika ncha ya shafti inacheza juu chini, na bomba linaloingia intakula ukilikinga kitambaa kinatoka na oili.

Nikairudia ile video, maana kijana alikuwa amenitumia. Kwenye kava ya juu ya injini inayonguruma kuna namba 3 imeandikwa kwa kalamu ya rangi ya njano, kubwa kama kiganja. Kwenye yangu hakuna namba wala dalili ya kufutwa namba. Kuna vumbi jekundu na alama ya kikombe.

Nilikuja kwenu tarehe 18 Machi na vipimo vimeandikwa. Nilisimama kaunta dakika arobaini. Jibu nililopewa, mbele ya wateja wengine: "Mzee, hii ni mali ya mtumba, ni bahati nasibu." Ndugu Meneja, mimi nimenunua mitumba maisha yangu yote, tangu suruali ya shule. Najua mtumba una hatari yake, na kama mngeniuzia injini iliyochoka mkasema imechoka ningekaa kimya na kuitengeneza mwenyewe. Lakini hata pale Karume mwenye kuuza shati anakuachia uligeuze uone kama kwapani limechanika. Mimi nimeuziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia lenyewe mlilifunga kwa siku hamsini ili nisiweze kulifungua.

Kuna na suala la kadi ya gari. Namba ya injini iliyogongwa kwenye bloki lazima iende kulingana na iliyoandikwa kwenye kadi, na kwa hilo nahitaji risiti halali na nyaraka za forodha zinazoonyesha injini hii iliingiaje nchini. Namba mliyoiandika kwenye ankara na namba iliyoko kwenye bloki zinapishana tarakimu mbili za mwisho. Inaweza kuwa ni mkono umeteleza. Baada ya yote haya sina tena moyo wa kudhani hivyo.

Ninachotaka ni hiki. Mniletee 1JZ-GTE inayofanana na maelezo ya ankara, ipimwe kompresheni mbele yangu na mbele ya fundi wangu kabla haijatoka stoo, ikiwa na kontroli boksi ya gia za mkono na wayaringi isiyokatwa, na gharantii yake ianze kuhesabiwa siku inapowashwa. Kama hamna, nirudishieni shilingi 11,500,000 nami nirudishe kila kilicho chenu. Kwa njia yoyote mtakayochagua, shilingi 850,000 ya kuipandisha na kuishusha injini hii ni juu yenu. Pesa ya propela shafti, rejeta na mabomba siidai, kwa kuwa vitatumika kwenye injini nyingine ya aina hiyo. Mkichagua kurudisha fedha tutalizungumza upya.

Nasubiri jibu la maandishi hadi tarehe 23 Aprili 2025. Siku hiyo ikipita kimya, barua hii, ankara, vipimo na ile video vinakwenda Tume ya Ushindani, na baada ya hapo kwa wakili, kwa sababu Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo, iwe mpya au ya mtumba. Suala la EFD nalo lina wenyewe, mnawafahamu kuliko mimi.

Injini iko gereji, juu ya stendi, haijafunguliwa hedi wala sampu, na haitafunguliwa mpaka mtu wenu aje aione. Aje na geji yake mwenyewe ya kupimia kama haiamini ya kwetu. Apige simu kwanza, kwa sababu Ijumaa mchana fundi huwa msikitini na Jumapili geti hufungwa. Altezza mtaikuta nje chini ya mwembe, boneti wazi, 3S-GE yake ya zamani iko pembeni imefunikwa turubai.

Wenu,
Mteja wa ankara ya tarehe 20 Januari 2025