Picha za ukumbi wa michezo zinabadilika rangi: ninunue kamera au fleshi?

Ndugu Mhariri, habari za kazi.

Nafundisha hesabu katika shule ya bweni mjini Shenyang, kaskazini-mashariki mwa China, na nje ya darasa kazi yangu ni kamera. Nasimamia pia klabu ya picha ya wanafunzi wa miaka 15 hadi 18. Naomba ushauri wa wasomaji wanaopiga picha ndani ya majengo, kabla sijatoa yuan 3,000 nilizoweka akiba.

Kwanza ratiba, maana tatizo linaanzia hapo. Mwezi Desemba jua huku linachomoza saa 1 asubuhi hivi na linazama saa 10 na robo hivi. Mchakamchaka wa alfajiri ni gizani. Mchana wenye mwanga mzuri ni saa ya kulala: wanafunzi wanainamisha vichwa juu ya madawati, na mlio wa shata (pazia la kamera linalofunguka kupitisha mwanga) unawaamsha. Inabaki mapumziko marefu ya asubuhi, kisha prepo ya saa 12:30 jioni hadi 3:30 usiku, na mechi za mpira wa kikapu ndani ya ukumbi. Kwa hiyo karibu kila kitu kinapigwa chini ya taa.

Baridi nimeshaimudu. Nje ikiwa nyuzi 15 chini ya sifuri, betri ya akiba inakaa mfuko wa ndani, na kabla ya kuingia kwenye jengo lenye joto kamera inafungwa ndani ya mfuko wa plastiki kwa saa moja. Umande unatanda juu ya plastiki, lenzi inabaki kavu.

Taa ndizo zimenishinda. Umeme wa China ni hezi 50, kwa hiyo taa isiyo na draiva nzuri (kifaa kinachotuliza umeme unaoingia kwenye taa) inafifia na kung'aa mara 100 kwa sekunde, yaani mzunguko mmoja kila milisekunde 10. Kwa kasi ya shata ya 1/100 ya sekunde kila sehemu ya picha inapata mzunguko mzima, na kwa 1/50 miwili, kwa hiyo picha zote zinatoka sawa. Ukipanda hadi 1/250 au 1/500, shata inapita kama mwanya mwembamba unaoteremka, na sehemu moja ya picha inakutana na taa ikiwa imefifia. Hapo unapata picha moja angavu, inayofuata ya manjano, ya tatu ina utepe wa giza kifuani mwa mchezaji. Kipimo changu ni rahisi: picha kumi mfululizo za ukuta mweupe kwa 1/500, kisha kumi kwa 1/100, mizani ya rangi (jinsi kamera inavyosahihisha rangi ya taa) ikiwa imefungwa, si ya otomatiki. Darasani zote zinafanana. Ukumbini zile za 1/500 hazifanani hata mbili.

Darasani basi sina shida: 1/100, tundu la lenzi f/2.8, wepesi wa kuhisi mwanga ISO 1600, mwanafunzi ametulia na daftari lake. Mpira wa kikapu hauchezwi kwa 1/100. Mikono inafutika, isipokuwa ukimvizia mchezaji akiwa kileleni mwa mruko, na hilo ndilo zoezi ninalowapa wanaklabu kwa sasa. Mwanga wenyewe unatosha: lenzi ya 50mm kwa f/2, 1/500, ISO 3200, uso unaonekana vizuri. Rangi ndiyo inayoharibika.

Kamera yangu ni Canon 600D ya mwaka 2011, haina uwezo wa kusubiri taa ifike kwenye mwangaza wa juu ndipo ifyatue. Canon walianza kuuweka kwenye 7D Mark II mwaka 2014, kisha 80D mwaka 2016. Zote mbili zinapokea lenzi nilizonazo. 7D Mark II inapiga picha 10 kwa sekunde na shata yake imekadiriwa kufyatuka mara 200,000. 80D inapiga 7, imekadiriwa 100,000, lakini ni nyepesi, ina Wi-Fi na kioo kinachogeuka, mambo yanayofaa sana kufundishia. Nitanunua iliyotumika.

Wasiwasi wangu ni huu. Fundi umeme wa shule amenionyesha kwamba taa za ukumbi zimegawanywa kwenye fezi tatu, yaani njia tatu za umeme ambazo mawimbi yake yanapishana. Maana yake safu moja ikiwa kileleni, ya jirani imepishana nayo kwa milisekunde 3.3. Kamera itasubiri kilele cha safu ipi? Aliyetumia mojawapo ya kamera hizi kwenye ukumbi wa fezi tatu anieleze: tepe zinaisha, au zinapungua tu upande mmoja wa uwanja?

Njia nyingine ni fleshi mbili zilizofungwa juu kwenye kona, 1/200, ili mwanga wake uzizidi taa. Hiyo ingeponya ugonjwa wa rangi bila kununua kamera. Lakini mchezaji anayetazama kikapu anamulikwa machoni, na sitaki mtoto aumie kwa ajili ya picha. Je, zikielekezwa darini kwenye ukumbi wa mita 8 kwenda juu, nguvu inabaki ya kutosha?

Jambo la mwisho ni ridhaa. Sheria ya kiraia ya China, inayotumika tangu Januari 1, 2021, hairuhusu kutengeneza wala kutangaza sura ya mtu bila ridhaa yake, nje ya hali ambazo sheria imezitaja. Wangu wamevuka miaka 14, umri ambao chini yake sheria ya taarifa binafsi inadai ridhaa ya mzazi, ila nataka sahihi za wazazi vilevile. Bwenini hatupigi kabisa. Walimu wenzangu wa shule za bweni, mnatumia fomu moja ya mwaka mzima, au ya kupigwa peke yake na ya kubandikwa ukutani peke yake? Na mchezaji mmoja akikataa, picha ya timu nzima mnaifanyaje?

Mwalimu wa hesabu,
Shenyang