Mhariri, upepo si bahati nasibu

Kwako Mhariri,

Nimesoma kile kijihabari chenu cha kuruka na ski, zile mbao ndefu za miguuni mtu anazoteleza nazo kilimani kwenye theluji kisha anaruka hewani, mistari mitatu tu, mkamaliza ati mchezo wenyewe ni bahati nasibu maana mtu anaruka mbali kuliko mwenzake halafu anashindwa. Hapana jamani. Mi ni mtu wa mashua, nimeshika usukani kwenye mashindano hapa Lamu tangu ujana, na misimu kadhaa sasa mchezo huu nauangalia kwa simu, na wallahi kama kuna watu wa kuuelewa haraka ni sisi wa pwani.

Iko hivi. Kwenye kilima kikubwa kuna alama inaitwa K, ukitua hapo unapata pointi 60, kila mita ukizidisha unaongezwa 1.8, ukipungukiwa unakatwa vivyo hivyo. Majaji watano wanatazama ulivyoruka na ulivyotua, kila mmoja ana 20 zake, ya juu kabisa na ya chini kabisa hazihesabiwi. Halafu sasa upepo, na hapo ndipo mlipoteleza. Sisi upepo wa tezi, unaotoka nyuma, ndio raha, tanga linajaa unakwenda. Kwao ni kinyume, wa omo, unaotoka mbele, ndio unaomwinua mrukaji, unamshika kifuani na chini ya zile ski zilizopanuliwa kama herufi V, anaelea, na ule wa mgongoni unambwaga chini mapema. Kwa hiyo aliyebebwa na upepo anakatwa pointi, aliyebwagwa anaongezwa. Nani huku ameshawahi kufanyiwa hivyo? Mi upepo ulishanifia mbele ya Shela, tanga likalegea likawa lapigapiga tu mlingoti, na wenzangu hatua chache pale wanao upepo wao wanapita.

Chukua Bischofshofen, Austria, tarehe 6 Januari 2025, fainali ya yale mashindano ya vilima vinne, pointi za vilima vyote zinajumlishwa. Stefan Kraft alifika akiongoza kwa chini ya pointi moja, zamu yake ya mwisho ikafika akasubirishwa kule juu upepo utulie, huku chini watu wamejaa wanapiga kelele, nami nimetoka isha simu mkononi hata kupumua siwezi. Kombe likaenda kwa Daniel Tschofenig, akamshinda Jan Hörl kwa pointi 1.4, yaani haifiki hata mita moja kwa vilima vinne vyote, Kraft akawa wa tatu! Bahati nasibu iko wapi hapo?

Na Machi ile, mashindano ya dunia kule Trondheim, timu ya Norway ilikamatwa imechezea mishono ya nguo za warukaji wake, Marius Lindvik akapokonywa medali ya fedha. Nguo ikishika hewa zaidi ni sawa na kuongeza tanga kwa siri. Hili mliliandika kubwa na picha juu. Lakini Domen Prevc wa Slovenia kuruka mita 254.5 kwao Planica tarehe 30 mwezi huohuo, rekodi ya dunia, sikuona kitu, na dadake Nika mita 236 kule Vikersund, Norway, rekodi ya wanawake, pia kimya.

Ninachoomba ni kidogo. Msimu ukianza Novemba, kaskazi nayo yakaribia huku, chapisheni pointi na upepo kando ya mita, na lile neno bahati nasibu mlifute.

Nahodha, Langoni, Lamu