Krismasi njema watu wa Misheni na Bagamoyo yote

Wakubwa wangu shikamooni, rika langu na wadogo zangu habari za kaskazi, joto ndo hilo na maembe yamejaa kila kona, hata asiye na kalenda anajua Krismasi imefika. Nawatakia sikukuu njema nyote, Wakristo wenzangu pamoja na majirani zetu Waislamu ambao kila mwaka sahani zinavuka uchochoro kwenda na kurudi, Idi zinatoka kwenu, Krismasi zinatoka kwetu, Mungu atuzidishie.

Msimu huu wageni wengi, na kila anaeshuka stendi utamsikia anamwambia bodaboda nipeleke Misheni, yaani ile misheni ya Wakatoliki hapa Bagamoyo, na bodaboda haulizi misheni ipi. Huku pwani mahali panapata jina kwa yule unaemfuata, kwa Bibi, kwa Fundi, kwa Padri, hakuna kikao kinachokaa, midomo ya watu ikishazoea basi. Na padri aliyefuatwa pale mwanzo ni Antoine Horner wa shirika la Roho Mtakatifu, alivuka kutoka Unguja mwaka 1868 na wenzake wakaanzisha kijiji cha watu waliokombolewa utumwani, wengi wao watoto walionunuliwa kwenye soko la Unguja, lile lililokuja kufungwa 1873.

Sasa jamani mfikirieni mtoto katolewa bara kwa miguu, ndugu wametawanywa hajui nani yuko wapi, ukimuuliza kwenu wapi angejibu nini? Alafu siku moja akaweza kusema kwetu Misheni. Mimi hapo roho inanigusa kweli kweli, kwasababu padri ndo aliyefuatwa lakini waliolifanya jina likakaa ni hawa, walilima, walijenga, na miembe ya 1871 inatupa kivuli njiani mpaka leo. Kanisa la kwanza lenye mnara ndo hilo ambalo Chuma na Susi, watumishi wa yule mvumbuzi wa Kiskoti David Livingstone, na wenzao waliufikisha mwili wake mwaka 1874, baada ya kuubeba miezi na miezi toka huko ambako leo ni Zambia.

Makaburini pale mapadri na masista wamelala, wengine homa iliwachukua wakiwa vijana kabisa, majina yao yapo kwenye mawe tunayasoma. Wale wa kijijini wengi hawana jiwe, majina yao yamebaki vichwani mwa wazee wetu. Kwaiyo ombi langu la sikukuu ni hili, kama una bibi au babu ambae wazee wake walitokea kijiji kile, watoto wote mkishakusanyika nyumbani kaa nae umuulize aliitwa nani, alitokea wapi, alimuoa nani, rekodi na simu, usisubiri Pasaka.

Mkesha tunasali kanisa kubwa, lile lililoanza kujengwa 1910, njooni mapema viti vinajaa. Walio safarini wafike salama, wagonjwa wapone, waliofiwa mwaka huu poleni sana tupo pamoja. Heri ya Krismasi na mwaka mpya, pilau la tarehe 25 mlango uko wazi.