Kwako kaka, kuhusu ule usiku wa nembo

Kaka,

Nimesikia umeacha kubuni. Aliyeniletea habari anasema unalalamika kwamba mawazo yamekukauka. Pole sana. Naisema kwa moyo mweupe, ingawa unajua lipo jambo limenikaa kooni.

Usiku ule tulikuwa tunatafuta nembo ya mteja. Tulikuwa sakafuni, mimi na mdogo wetu, tumekata herufi za karatasi, tunazigeuza kichwa chini miguu juu. R moja mkasi uliipunguza mguu, ikawa kama mzee anayechechemea akiwahi basi. Tulicheka hadi machozi. Ukaingia, hukuuliza. Ukachukua ufagio, ukazoa zote, pipani. "Mteja halipi watu wacheke." Kisha ukakaa kwenye kompyuta ukachora duara, na fonti ileile ya kazi iliyotangulia. Mdogo wetu alibaki ameshika mkasi, hajui auweke wapi. Kwa hilo bado sijakusamehe.

Halafu watu wanasema mimi ndiye niliyevunja ushirika wetu wa kubuni! Ningebaki nifanye nini, nijaze duara rangi?

Mwaka 1987 mwanasaikolojia Alice Isen na wenzake waliwapa wanafunzi mshumaa, kiberiti na kisanduku cha pini, wausimamishe mshumaa ukutani bila nta kudondoka chini. Dawa yake ni kumwaga pini, kisanduku chenyewe ukakibana ukutani kiwe kishikio. Lakini ukishakiona kama chombo cha pini tu, hilo halikujii. Waliotangulia kutazama filamu ya kuchekesha kwa dakika chache walifumbua wengi zaidi kuliko walioonyeshwa filamu ya kawaida. Kwa hiyo sisi hatukuwa tunapoteza muda, kaka. Tulikuwa tunamwaga pini.

Sisemi kicheko kinamaliza kazi. Kusawazisha nafasi kati ya herufi, kuangalia kama nembo bado inasomeka ikiwa ndogo kama ukucha, hapo anatakiwa mtu mwenye jicho kavu, na katika hayo hatukukufikia hata kidogo. Nilikuwa najivunia kukuona ukikagua. Ila ukaguzi ni wa mwishoni. Wewe uliuleta wakati hata hakijazaliwa cha kukaguliwa.

Charles na Ray Eames, mume na mke wabunifu wa Marekani ambao viti vyao vinauzwa hadi leo, mwaka 1957 walibuni mashine ya nishati ya jua isiyo na kazi yoyote ila kuzunguka na kupendeza macho. Hiyo nayo mtu angeizoa pipani?

Basi usikimbilie kompyuta. Chora kitu ambacho hakuna aliyekuagiza, kibaya kabisa, ukicheke. Mimi ndivyo ninavyofanya, na kazi zangu zinaonekana, sihitaji kujisifu. Anayedhani niliondoka kwa kiburi akaulize nani alikuwa anatamani kuingia mle chumbani asubuhi.

Na ile nembo ya duara, mteja aliikataa. Wewe mpaka leo unasema tatizo lilikuwa bei.